Tarehe 18 Aprili katika Historia ya Nyimbo za Umma

Wanafunzi wa historia wamezoeshwa kukariri tarehe za vita, za mikataba na za kupandishwa bendera. Tarehe za nyimbo ni nadra kufundishwa, kana kwamba nyimbo huota zenyewe kama magugu kando ya njia na hazina siku wala mwaka wake. Hata hivyo, mtu akiichukua siku moja tu ya kalenda na kuiuliza ni nini kilichowatokea waimbaji siku hiyo, aghalabu atapata habari ambazo vitabu vya vita havikumpa. Katika makala haya tumeichagua tarehe 18 Aprili. Siku hiyo alifariki mwalimu mmoja mwaka 1905. Siku hiyo taifa moja lilizaliwa usiku wa manane kwa ngoma na magitaa mwaka 1980. Na siku hiyo, mwaka 2013, alizikwa Unguja mwanamke ambaye hakuna aliyejua kwa yakini alizaliwa lini.

Kila asubuhi, mstarini, mwanafunzi wa Tanzania husimama wima na kuimba wimbo wa taifa. Amefunzwa maneno yake tangu darasa la kwanza, na bila shaka anajua kuwa wimbo huo ulipokewa rasmi tarehe 9 Desemba, 1961. Lakini ukimuuliza sauti yake ilitungwa na nani, wengi watanyamaza. Aliyeitunga ni Enoch Sontonga, Mxhosa aliyezaliwa Uitenhage, katika Rasi ya Mashariki ya Afrika ya Kusini, yapata mwaka 1873. Hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimetodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Tena alikuwa kiongozi wa kwaya na mpiga picha. Waafrika waliokaa kando ya mji ule walikuwa wamevutwa huko na machimbo ya dhahabu, na watoto waliofundishwa na Sontonga walikuwa watoto wa watu hao.

Mwalimu huyu alikuwa na desturi ya kuwatungia wanafunzi wake nyimbo na kuziandika katika daftari, kwa alama za sauti za do-re-mi ambazo zilikuwa zikifundishwa katika shule za misheni. Mwaka 1897 aliandika ubeti mmoja na kiitikio cha dua ya kuiombea Afrika baraka. Huo ndio Nkosi Sikelel' iAfrika. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja wa Kitsonga. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini: wimbo ulitungwa na Mxhosa, ukaimbwa mara ya kwanza kwa heshima ya Mtsonga. Kabla haujawa na uhusiano wowote na chama cha siasa ulikwisha kuvuka mpaka wa kabila.

Sontonga alifariki tarehe 18 Aprili, 1905, akiwa na umri wa miaka kama 32. Alikuwa na nia ya kulichapisha daftari lake, lakini mauti yalimwahi. Kwaya nyingine zililiazima, zikanakili zilichokitaka, na wimbo ukaanza safari yake bila mtungaji. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube huko Natal, ndiyo iliyoueneza zaidi. Tarehe 8 Januari, 1912, huko Bloemfontein, wajumbe waliokutana kuunda chama kilichokuja kuitwa ANC waliufungia mkutano wao kwa wimbo huo. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba na kuurekodi katika sahani ya santuri mjini London. ANC iliufanya wimbo wake rasmi mwaka 1925, na miaka miwili baadaye mshairi S. E. K. Mqhayi akauongezea beti saba. Hapana hata mmoja katika hao aliyeweza kumwuliza mtungaji kama nyongeza hizo zimempendeza.

Wakati wimbo ukisafiri, kaburi la mwenyewe lilipotea. Watu walilitafuta kwa miaka mingi. Mwishowe lilipatikana katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, na sababu ya kutoonekana kwake ilikuwa ndogo na ya kusikitisha: katika daftari la makaburi aliandikwa kwa jina lake la Enoch, si kwa jina la ukoo. Tarehe 24 Septemba, 1996, kaburi lilitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na Rais Nelson Mandela akaufunua mnara uliojengwa hapo. Kutoka 1905 hadi 1996 ni miaka 91. Katika muda huo sauti ile ilikwisha kuwa wimbo wa taifa wa Tanganyika na, baadaye, wa Tanzania. Zambia ilikwisha kuichukua mwaka 1964 na kuitilia maneno mengine. Na nchi nyingine ilikwisha kuzaliwa kwayo.

Nchi hiyo ni Zimbabwe, na usiku wake wa kuzaliwa ndio sehemu kubwa ya mazungumzo yetu.

Walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe tarehe 11 Novemba, 1965, ili wasije wakatawaliwa na walio wengi. Vita vya kuwang'oa vilidumu hadi mwishoni mwa mwaka 1979, na sehemu ya vita hivyo ilipangwa katika ardhi yetu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wapiganaji wa ZANLA walipata mafunzo Mgagao, katika mkoa wa Iringa. Na Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru wa kusini nafasi katika matangazo yake ya nje ili wazungumze na watu wao. Bunduki zilivuka mpaka kwa siri. Sauti zilivuka waziwazi, na asiyezitaka hakuwa na njia ya kuzizuia isipokuwa kuzitilia kelele hewani.

Ndani ya nchi nyimbo zilifanya kazi ambayo hotuba haikuiweza. Wapiganaji walipoingia kijijini usiku, waliwakusanya watu katika mkutano ulioitwa pungwe, uliodumu hadi alfajiri. Hapo watu walielezwa sababu za vita, na kati ya maelezo na maelezo paliimbwa. Tenzi za kanisani ziligeuzwa maneno. Nyimbo za mavuno na za mizimu zikatiwa majina ya mashujaa, hasa lile la Nehanda, mwaguzi aliyenyongwa mwaka 1898 baada ya vita vya kwanza vya Chimurenga. Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Si wote waliohudhuria pungwe kwa hiari, na kijiji kilichojulikana kuwa kimekesha na wapiganaji kiliadhibiwa asubuhi yake na askari wa serikali. Mwanakijiji aliimba akiwa na hofu mbili, ya walio mbele yake na ya watakaokuja kesho. Lakini aliyaelewa aliyoyaimba, na aliyabeba kwenda nayo shambani.

Huko Maputo, kutoka ilikotangazwa Sauti ya Zimbabwe, kijana Dickson Chingaira, ambaye wenzake walimwita Comrade Chinx, aliiongoza kwaya ya ZANLA. Wapiganaji wa ZIPRA, upande wa pili wa vuguvugu la ukombozi, nao walikuwa na kwaya yao iliyojipa jina la silaha: LMG, yaani bunduki nyepesi ya rasharasha. Majina ya waimbaji wengi wa kwaya hizo hayakuandikwa popote. Wapiganaji walitumia majina ya bandia ili jamaa zao nyumbani wasidhurike, na mwimbaji aliyekufa kwa jina la bandia hakumwachia mwanahistoria kitu cha kukishika.

Mjini, mbele ya macho ya serikali yenyewe, alikuwapo Thomas Mapfumo. Alianza, kama vijana wengi wa wakati wake, kwa kuiga nyimbo za Kimarekani na Kiingereza. Katika miaka ya 1970 alikuwa katika bendi iliyowatumbuiza wafanyakazi wa machimbo ya shaba ya Mangura, na huko ndiko yeye na wenzake walikoanza kufanya jambo lililoonekana dogo. Walizichukua sauti za mbira, ile ala ya vyuma vinavyobinywa kwa vidole gumba na ambayo Washona huitumia kuwaita wahenga, wakazihamishia katika gitaa la umeme. Mpigaji huziziba nyuzi kidogo kwa kiganja ili mlio uwe mfupi na mkavu kama wa chuma cha mbira. Matokeo yake yakawa muziki wa dansi ambao mzee wa kijijini aliutambua. Naye Mapfumo akaacha kuimba Kiingereza, akaimba Kishona, kwa mafumbo ambayo wakaguzi wa serikali hawakuyang'amua upesi. Katika miaka hiyo alitoa sahani iliyoitwa Hokoyo, maana yake "Jihadhari". Walipokwisha kung'amua walimkamata na kumweka kizuizini bila kumshtaki.

Mkataba wa Lancaster House ulitiwa sahihi tarehe 21 Desemba, 1979. Uchaguzi ulifanyika mwishoni mwa Februari 1980, na katika viti 80 vya wapiga kura wa kawaida chama cha ZANU-PF cha Robert Mugabe kilipata 57, cha Joshua Nkomo 20, na cha Askofu Muzorewa 3. Sherehe za uhuru zikapangwa kufanyika usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili katika uwanja wa Rufaro. Uwanja huu ulikuwa katika mtaa wa Waafrika wa mji wa Salisbury, mji ambao tangu 1982 unaitwa Harare.

Mgeni aliyealikwa kupiga muziki alitoka mbali: Bob Marley wa Jamaika, pamoja na kundi lake la The Wailers. Mwaliko huu haukuwa wa anasa. Mwaka 1979 Marley alikuwa ametoa sahani iliyoitwa Survival, na ndani yake mlikuwamo wimbo wenye jina la Zimbabwe, uliotolewa kabla nchi yenye jina hilo haijakuwapo katika ramani yoyote. Wapiganaji waliupenda na kuuimba. Mwezi Julai wa mwaka huo alikuwa amepiga Boston, Marekani, katika tamasha la kuchangia harakati za ukombozi wa Afrika. Alipoalikwa Salisbury aligharamia mwenyewe usafiri wa kundi lake na wa vyombo vyake, vipaza sauti na taa, vilivyoletwa kwa ndege kutoka London kwa kuwa nchini humo havikupatikana vya kutosheleza uwanja mkubwa namna ile.

Ndani ya uwanja waliketi wakubwa: Mwanamfalme Charles aliyemwakilisha Malkia wa Uingereza, Gavana Lord Soames aliyekuwa akiondoka, Waziri Mkuu Indira Gandhi wa India, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia na wengine wengi. Nje ya uwanja walisimama maelfu ya watu wasiokuwa na kadi. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao vita vilipiganwa kwa mgongo wao na kwa chakula chao. Muziki ulipoanza na wao wakausikia bila kuuona, walisukuma mageti. Polisi, ambao wengi wao walikuwa ni wale wale wa utawala uliokuwa ukimalizika, waliwarushia mabomu ya kutoa machozi. Upepo ukaubeba moshi ule hadi ndani ya uwanja. Wanamuziki walifumba macho, wakaacha vyombo vyao na kushuka jukwaani; watu majukwaani walifunika nyuso kwa nguo.

Mwandishi wa makala haya huona kuwa tukio hilo la dakika chache lastahili kufundishwa pamoja na kupandishwa kwa bendera. Hapakuwa na uasi wala njama getini. Palikuwa na watu waliotaka kuingia katika sherehe yao wenyewe, na palikuwa na askari ambao hawakuwa wamefundishwa namna nyingine ya kuupokea umati wa Waafrika. Utawala ulibadilika saa sita usiku. Mazoea ya geti hayakubadilika saa hiyo.

Moshi ulipopungua Marley alirudi jukwaani, na wimbo wa Zimbabwe ukaimbwa. Usiku huo bendera ya Uingereza iliteremshwa, mpya ikapandishwa, na wimbo ulioimbwa kwa jina la taifa jipya ulikuwa Ishe Komborera Africa, yaani sauti ile ile ya Sontonga kwa maneno ya Kishona. Tarehe ilikuwa 18 Aprili. Mwalimu wa Nancefield alikuwa ametimiza miaka 75 kaburini, katika kaburi ambalo bado hakuna aliyejua lilipo. Sidhani kama katika uwanja ule palikuwapo mtu hata mmoja aliyelikumbuka hilo, na si haki kuwalaumu; usiku ule walikuwa na mengi ya kukumbuka.

Baada ya hapo Marley alipiga tena katika uwanja ule ule, safari hii kwa ajili ya umma uliobaki nje, na maelfu kwa maelfu wakahudhuria. Mapfumo naye alishiriki kuzitumbuiza sherehe hizo. Hata hivyo, katika masimulizi mengi ya usiku wa Rufaro jina la Marley hutangulia na la Mapfumo hufuata kwa sauti ya chini, na la kwaya za msituni halitajwi kabisa. Sababu yake si siri. Marley alikuwa na sahani zilizouzwa dunia nzima na alifuatwa na wapiga picha. Kwaya ya ZANLA ilikuwa na kipaza sauti cha redio na kumbukumbu za waliosikiliza. Hatumpunguzii mgeni yule heshima yake, kwani alikuja kwa fedha zake na kwa nchi isiyomdai chochote, na baada ya mwaka mmoja na siku chache alifariki, tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na miaka 36. Lakini mwanafunzi anayesoma kwamba Zimbabwe ilizaliwa kwa wimbo wa Marley aelezwe pia kwamba ilinyonyeshwa kwa nyimbo za watu wasiojulikana majina.

Wimbo wa Marley wenyewe ulikuwa na onyo ndani yake, kwamba ndugu wasije wakagombania madaraka wenyewe kwa wenyewe. Kuanzia mwaka 1983 kikosi cha jeshi kilichoitwa Brigedi ya Tano kiliua maelfu ya raia huko Matabeleland, na mauaji hayakusimama kabisa hadi mapatano ya umoja ya Desemba 1987. Nyaraka za ZAPU, chama ambacho kwaya ya LMG iliimba chini ya jeshi lake, zilikwisha kuchukuliwa na serikali mwaka 1982. Mapfumo, aliyewaimbia wapiganaji walipokuwa msituni, alitoa mwaka 1989 wimbo wa kuishutumu rushwa ya wale wale walioshinda. Baadaye alihamia Marekani, akakaa huko miaka mingi, hata aliporudi kupiga muziki Harare mwezi Aprili 2018 vijana waliomlaki walikuwa hawajazaliwa alipokuwa kizuizini. Nao wimbo wa Sontonga ulikoma kuwa wimbo wa taifa wa Zimbabwe mwaka 1994, ulipopokewa mwingine uliotungwa na Wazimbabwe wenyewe, maneno yake yakiwa ya Solomon Mutswairo. Mwaka huo huo Afrika ya Kusini, mahali ulikotungwa, ndipo ulipopata kwa mara ya kwanza kuwa wimbo wa taifa.

Sasa turudi nyumbani.

Tarehe 17 Aprili, 2013, Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude, alifariki Bububu, Unguja. Alizikwa kesho yake, tarehe 18, katika kijiji cha Kitumba. Watu walijaa, na viongozi wa Serikali walikuwapo, akiwamo Rais Jakaya Kikwete. Mazishi ya mwimbaji yaliyohudhuriwa na mkuu wa nchi ni jambo ambalo Sontonga hakulipata, na ambalo hata Siti binti Saad, mwalimu wa Bi Kidude kwa kusikiliza, hakulipata alipofariki mwaka 1950. Ingawa Siti alipata kitu kingine adhimu, nacho ni wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert.

Bi Kidude alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo, binti wa muuza nazi. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa, na yeye mwenyewe alipoulizwa aliupima kwa mambo mengine, kama wafanyavyo wazee wetu wengi. Siti alikuwa amekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zake zikauzwa mwambao mzima. Mwanafunzi wake alingojea hadi uzeeni ndipo sauti yake ikaenea ng'ambo, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza. Magazeti ya nchi za nje yalipenda kuandika habari za sigara yake na umri wake. Huku kwetu alijulikana kwa kazi nyingine pia, kazi isiyokuwa na jukwaa: alikuwa kungwi. Alipiga msondo katika unyago, akiufunga mbele yake na kuusimamia, na aliwafunda wasichana wengi kwa nyimbo zinazofafanua mwili, ndoa na maisha ya mwanamke.

Baadhi ya nyimbo hizo alizitoa hadharani, na wapo waliochukizwa naye kwa hilo. Zilizobaki hazimo katika kanda wala katika daftari. Anayezijua ni yule aliyeketi mkekani akafundwa, na kwa kanuni ya unyago wenyewe hana ruhusa ya kumwimbia asiyehusika. Mtafiti mwenye chombo cha kunasia sauti hawezi kuzidai bila ya kuivunja mila ile ile anayotaka kuihifadhi.

Jeneza la Bi Kidude lilipelekwa makaburini na wanaume, kama ilivyo ada ya Waislamu wa mwambao, huku wanawake wamebaki nyumbani. Waliolibeba walikuwa wamezisikia taarab zake tangu utotoni, na nyimbo zake za unyago walizozijua ni zile chache alizozitoa jukwaani.